Meza yangu ya mbao na chuma imenirudia imepasuka. Tuongee ukweli kuhusu hizi fanicha

Randa na Jiliwa (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nimesoma nyuzi za humu muda mrefu bila kuchangia. Leo naweka la kwangu, na si la kujisifu.

Nina karakana ndogo Mbauda, Arusha. Natengeneza fanicha za oda, juu mbao chini chuma: meza za chakula, za ofisi, rafu, vitanda vya sita kwa sita. Nilianza na useremala. Chuma nilikijua baadaye, kwa kushinda na wachomeleaji wa Unga Limited mpaka wakaacha kuniuliza nimefuata nini.

Novemba iliyopita mama mmoja wa Pasua, Moshi, akaniagiza meza ya watu wanane. Watoto wanatoka Dar na Mwanza kila Desemba, safari hii wanakuja na wakwe. "Fundi, tarehe 20 iwe sebuleni." Wenye kwao Kilimanjaro mnaijua Desemba. Mwezi ule fundi haulizwi kama anaweza, anaulizwa lini.

Nikanunua sipresi, moja kwa nane, futi kumi na mbili. Vuli ilikuwa imekolea. Ubao nikiunyanyua unanivuta mkono, na randa inatoa maganda laini yanayonata kama ya muhogo. Nilijua kabisa haijakauka. Nikajiambia itakauka ikiwa meza.

Mbao tano nikaziunga ubavu kwa ubavu na gundi, nikapata meza ya mita 2.4 kwa sentimita 95. Chini fremu ya paipu skwea, miguu mbili kwa mbili, geji 16 (ndio unene wa ukuta wa paipu), na vipande vitatu vya kukingama. Juu ya kila kipande nikapaka gundi, nikaweka ubao, nikakaza skrubu mpaka zikalia. Bei milioni moja na laki mbili, asilimia 60 mkononi kabla ya kuanza. Tarehe 19 tukaishusha Pasua. Mama alipiga vigelegele, mimi nikanywa soda nikaondoka na kifua mbele.

Katikati ya Februari simu: "Fundi, meza yako imecheka."

Hapa ndipo ninapoona aibu zaidi kuliko kwenye kazi yenyewe. Jibu langu la kwanza lilikuwa, "Mama, hamkuianika juani?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, meza ya watu wanane nitaianikaje?"

Nikapanda Coaster. Nyufa mbili, moja milimita 7, nyingine 5, zimekwenda zaidi ya nusu ya urefu. Gundi haikuachia popote. Ni ubao wenyewe uliochanika, tena pembeni kabisa ya kiungo. Nikaipindua, nikachukua bisibisi, nikaanza kulegeza skrubu za upande mmoja. Ya tatu ilipotoka kukasikika "ta!" kama kijiti kikavu, na ubao ukasogea mbele ya macho yangu. Ulikuwa umefungwa, unataka kwenda, hauna pa kupita.

Ndipo nikaelewa nilichokuwa nakisoma bila kukiamini. Mbao inacheza, chuma hakichezi. Mbao ikipoteza unyevu inasinyaa kwa upana, ikiupata inavimba kwa upana. Kwa urefu wa nyuzi haibadiliki kiasi cha kukusumbua. Chuma cha upana wa mita moja, hata joto lipande nyuzi 20, kinaongezeka robo milimita tu. Sasa piga hesabu ya meza yangu. Sipresi niliitoa karakana ikiwa na unyevu wa asilimia 20 hivi. Arusha tuko mita 1,400 juu ya bahari na Novemba hewa ni mbichi. Moshi mjini ni mita mia nane na kitu, na Januari na Februari mnajua jua lake. Ndani ya nyumba ile mbao inatafuta asilimia 10 au 11. Ubao wa aina hii ukishuka unyevu kwa pointi moja, upana unapungua kama asilimia 0.2. Pointi tisa kwenye sentimita 95 ni karibu sentimita mbili. Mimi nimeufungia pande zote kwa gundi na skrubu juu ya chuma kisichopungua hata unywele. Sentimita mbili zitatoka wapi kama si kwa kupasuka?

Kosa si sipresi, wala si Moshi. Ni mchoro wangu. Nilichora meza kana kwamba mbao ni bati.

Siku hizi nafanya hivi. Kwenye kila kipande cha kukingama, tundu la katikati nalitoboa la duara, ndilo linaloshika meza isihame. Yanayobaki yote ni marefu, milimita 8 kwa 25, na urefu wa tundu unafuata upana wa meza. Huhitaji mashine ya maana: keekee, matundu matatu yanayogusana, halafu tupa ya kulainisha katikati. Skrubu inapita na washa pana (kile kipete cha chini ya kichwa cha skrubu), unakaza, kisha unarudisha robo mzunguko. Gundi ni baina ya ubao na ubao tu. Mbao na chuma visionje gundi.

Nataka kusikia wengine mnafanyaje. Na wateja pia semeni, maana nyie ndio mnaochekewa na meza.

---

Siti ya Mbele

Nimeshafika. Picha ziko wapi mkuu?

---

Mangi wa Fimbo

Mkuu Randa, heshima kwako kwa kusema. Mafundi tuko wengi tunaomwambia mteja ameianika.

Mimi ni mchomeleaji, niko Majengo, Moshi. Nitete chuma kidogo. Umesema hakichezi. Kikiwa kimeshapoa, kweli. Kikiwa kwenye moto, kinacheza kuliko hiyo sipresi yako. Nimeona fremu nyingi zinaletwa kwangu, fundi amechomea kona moja mpaka ikaisha, akahamia ya pili, akamaliza ya nne, halafu anashangaa mguu mmoja uko hewani. Weld ikipoa inavuta. Ukimaliza kona moja yote, umeshamwambia huyo paipu aelekee wapi.

Shikiza nukta kwanza kona zote, pima mishalo kwa futi kamba kutoka kona hadi kona. Mishalo miwili ikiwa sawa, fremu imekaa guni, yaani kona zote ni mraba. Ndipo uchomelee kwa kurukaruka: kidogo hapa, kidogo kona ya mkabala, acha ipoe. Usiimwagie maji kwa haraka zako. Kwa geji 16 tumia fimbo ya kuchomelea ya milimita 2.5 na moto mdogo, la sivyo utatoboa paipu na kuanza kuziba matundu kama unafuma kikapu.

La pili, geji. Dukani utaambiwa "hii ni 16" huku ni 18. Macho hayaoni tofauti ya milimita 1.5 na 1.2, lakini mzani unaona. Paipu skwea ya milimita 50 kwa 50, unene 1.5, urefu wa mita 6, inakaribia kilo 13.7. Ikiwa unene ni 2 inafika 18. Ukipima ukakuta kilo 11, rudisha kabla hujaikata. Mimi nina mzani wa kuning'iniza, ule wa wauza kahawa, na wenye maduka wameshanizoea.

---

Randa na Jiliwa

Mangi, hiyo ya mzani naiba leo leo. Mimi nilikuwa nagongagonga kwa kucha nasikiliza mlio, kama nanunua tikiti.

---

Babu wa Tezo

Vijana, nimesoma. Mimi ni seremala wa Marangu, sasa mikono haina nguvu, nasimamia tu.

Meza ya baba yangu ya mringaringa ipo mpaka leo. Haina chuma hata msumari mmoja. Ulimi umeingia kwenye tundu lake, na kigingi kimepita. Imekula sikukuu zaidi ya hamsini. Hivi vyuma vyenu vya miguu myeusi mmevipenda kwa sababu mmeviona kwenye simu.

---

Randa na Jiliwa

Shikamoo mzee.

Sibishi. Lakini nikuulize, mzee wangu. Ile meza ya baba, ubao wa juu umeshikwaje na fremu? Nimewahi kupindua meza ya namna hiyo nikakuta vijiti vidogo vya mbao vyenye ulimi, vimechomekwa kwenye mfuo upande wa ndani wa fremu, halafu vimepigwa skrubu kwenye ubao wa juu. Ubao unateleza, fremu inakaa. Kama ndivyo, basi wazee mlikuwa na tundu refu kabla yetu, ila lilikuwa la mbao.

---

Babu wa Tezo

Marahaba.

Nimemtuma mjukuu achungulie na tochi. Viko vijiti vinane. Kimoja kimeanguka, sijui tangu lini.

Haya, endeleeni.

---

Siti ya Mbele

Mzee kapigwa na meza yake mwenyewe 😂😂

---

Mti Mkavu

Nilisoma pale Chuo cha Viwanda vya Misitu, Moshi, kwa hiyo nitaongelea upande wa mbao, maana naona watu wanaruka hatua.

Matundu marefu yanasaidia, lakini hayageuzi mbao mbichi kuwa kavu. Sentimita mbili za mkuu Randa zingeondoka hata kama skrubu ziko huru. Meza isingepasuka, ila ingebaki na sentimita 93, na huenda ingepinda. Mbao lazima ikauke kabla.

Kujua kama imekauka hakuhitaji kifaa cha bei. Kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, si nchani, kwa sababu ncha hukauka mapema na itakudanganya. Pima kwa mzani wa jikoni. Kikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 103 au karibu na hapo, ukikitoa na kukipima mpaka uzito ugome kushuka. Chukua uzito wa kwanza, toa wa mwisho, gawanya kwa wa mwisho, zidisha mara mia. Kipande kilichokuwa gramu 240 kikaishia 200 kina asilimia 20. Hicho si cha meza ya ndani. Kwa huku kwetu tafuta 12, na kwa nyumba ya Moshi chini kidogo ya hapo ni bora zaidi. Kama huna oveni, pima ubao mzima kila wiki na andika kwa chaki juu yake. Uzito ukisimama wiki tatu mfululizo, ubao umekubaliana na hewa ya karakana yako.

Kupanga nako ni kazi. Wengi wanaegemeza mbao ukutani zimesimama, zinajipinda kama zinachungulia. Laza, inua kutoka chini angalau futi moja, weka fito za inchi moja kati ya tabaka na tabaka, fito zifuatane mstari mmoja wa wima. Paa juu, pembeni wazi upepo upite. Mawe au tofali juu kabisa. Ncha za mbao zipake rangi yoyote iliyobaki, maana maji hutoka haraka kupitia ncha na ndiko mipasuko inakoanzia.

Halafu si kila mti unacheza sawa. Mninga ni maarufu kwa kusinyaa kidogo sana, ndiyo maana milango yake haigombani na fremu. Unatoka kwenye miombo huko Tabora na Katavi, na bei mnaijua. Mkaratusi ni kinyume chake, unavutana na kujisokota mpaka unauonea huruma. Sipresi na paini viko katikati, vinafanya kazi nzuri ukivivumilia. Grevilea ya vihambani watu wanaidharau kwa sababu wanaipasua leo wanairanda kesho. Iliyokaa ikakauka ina madoa mazuri ukiipasua vizuri, inang'aa.

---

Mama Viti

Naombeni na mimi nipite, mimi si fundi. Niko Njiro. Nimeshaliwa na meza mbili.

Nikienda kwa fundi kuchukua meza, niangalie nini? Maana juu zote zinang'aa. Ile ya kwanza niliyoletewa iling'aa mpaka nikajitengenezea nywele. Baada ya masika ikawa kama sahani, katikati imebonyea, ukimwaga chai inajikusanya. Ya pili ilizungushiwa chuma pembeni, ile fremu ya anglo (chuma cha umbo la L) inayoonekana kama picha imewekwa ndani. Hiyo masika mbao zimenyanyuka katikati kama mtu aliyeinua mgongo.

---

Randa na Jiliwa

Dada yangu, pole. Meza zako mbili ni darasa tosha.

Ya kwanza: pindua, nadhani utakuta chini hakuna vanishi. Fundi amepaka juu mikono minne, chini ameacha mbao kavu kwa sababu hakuna anayeona. Upande wa chini unanywa na kutema unyevu kwa kasi yake, wa juu umefunikwa. Pande mbili hazikubaliani, ubao unapinda. Chini papakwe sawa na juu. Nami zamani nilikuwa nabania vanishi ya chini, nasema ukweli wa Mungu.

Ya pili ni kosa langu mimi lakini limegeuzwa. Kwangu mbao ilitaka kusinyaa ikazuiwa. Kwako ilikuwa kavu, masika ikataka kuvimba, ikakuta chuma pande zote. Haina pa kwenda ila juu. Mtindo ule unawezekana, lakini kati ya ubao na anglo lazima kibaki kijinafasi, milimita 4 au 5 kila upande wa upana. Wateja wengi wakikiona kile kijinafasi wanasema fundi amekosea kipimo, basi fundi anakiziba ili asigombane.

Ukienda kuchukua meza, usiangalie juu. Piga magoti, tazama chini. Kuna vanishi? Skrubu zimepita kwenye matundu marefu, au zimepigwa tu? Kuna gundi imechuruzika kati ya chuma na mbao? Kisha shika kona mbili za mkabala uitikise. Ikilia, fremu haikukaa sawa. Kwenye weld, pitisha kidole upande wa ndani, si wa nje. Nje kila mtu anapiga grainda.

---

Mangi wa Fimbo

Aongezee na hili dada. Weld iliyosagwa na grainda mpaka ikawa bapa inapendeza, lakini ukiisaga sana kwenye paipu ya geji 18 umekula ukuta wa paipu wenyewe. Kilichobaki ni rangi na puti. Mguu unakatika siku mtu mzima anaegemea.

Na kutu. Paipu mpya ina mafuta ya kiwandani. Wanapaka rangi juu ya mafuta, miezi sita inabanduka kama ngozi ya nyoka. Ifute kwanza na thina, msasa, praima, ndipo rangi. Wanaopenda pauda koti, ile rangi ya unga, inadumu kweli, lakini inaokwa kwenye joto la nyuzi 180 hadi 200, kwa hiyo fremu iwe imekamilika na matundu yote yametobolewa kabla. Kuna fundi aliniletea fremu imeshapigwa pauda, anataka nimwongezee kipande. Nikamwambia nitakuongezea, ila utaondoka na doa jeusi la kuungua na machozi yako.

---

Mgeni wa Njiro

Vipi zile meza za mto? Zile wanamwaga epoksi ya bluu katikati. Mke wangu ameiona mtandaoni, hatulali.

---

Mti Mkavu

Mbao mbichi ndani ya epoksi ni kesi ile ile. Epoksi haisinyai na mbao inasinyaa, kwa hiyo inaachia kwenye kingo za huo mto wenu. Magogo mapana wanayotumia ndiyo yanayochelewa zaidi kukauka. Kanuni ya zamani kwa mbao ngumu ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, hewani. Slebu, yaani ubao mnene wa gogo zima, ya inchi mbili na nusu, fanya hesabu mwenyewe. Umwambie shemeji asubiri.

---

Mgeni wa Njiro

Nimemwambia. Nimelala sebuleni.

---

Kijana wa Kiboriloni

Wakuu, mimi naanza tu, nina mashine ndogo ya kuchomelea na msumeno wa mkono. Naomba vipimo. Napata shida meza zangu watu wanasema zinawachosha wakikaa.

---

Randa na Jiliwa

Mdogo wangu, meza ya chakula simama kwenye sentimita 75, kiti 45. Kati ya kiti na chuma cha chini ya meza mapaja yanahitaji nafasi, na hapa ndipo sisi wa chuma tunapoharibu: ubao inchi moja, chini yake paipu ya inchi mbili pembeni kabisa, na kwa kuogopa mtikisiko unaongeza flatibaa nyingine chini yake. Mtu akikaa anajigonga magoti. Ingiza fremu ndani sentimita 15 kutoka kingo za urefu. Kila mlaji mpe upana wa sentimita 60. Wanane, watatu kila upande na wawili nchani, hawabanani kwenye mita 2 na kidogo ikiwa miguu haiko mbele ya magoti ya mtu.

Ila vipimo vya vitabuni ni vya kuanzia tu. Mimi naenda nyumbani kwa mteja na chaki. Nachora meza sakafuni kwa ukubwa wake kamili, navuta viti vyake vya sasa, namwambia mama mwenye nyumba apite na sinia kama ana wageni. Mara saba kati ya kumi meza inapungua ukubwa. Kuna mzee wa Sakina aliagiza ya watu kumi. Tulipochora ikaonekana mlango wa jikoni haufunguki. Angelipa, na mimi ningelaumiwa.

Halafu pima mlango wa kuingilia. Usicheke. Meza ya sentimita 110 yenye miguu iliyochomelewa moja kwa moja haipiti kila mlango wa nyumba zetu. Miguu ifunge kwa bolti.

---

Mama Viti

Kumbe fundi anaweza kuja nyumbani na chaki! Wangu anakuja na picha ya simu anasema "kama hii?" nami nasema ndiyo.

---

Mti Mkavu

Jambo moja la kisheria nisiliache. Ukinunua mbao, uliza risiti na kibali cha kusafirishia, ile TP. Mbao za mashamba ya serikali ya huku kwetu, West Kilimanjaro, Rongai, Meru, ziko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, na zina karatasi. Kuna watu wanapita na camphor, mti wa msitu wa asili wa mlimani, usiku wakisema ni "ya shambani kwa babu". Msitu wa asili wa mlimani uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005. Ukikamatwa nayo karakana, aliyekuuzia hutamwona tena.

---

Babu wa Tezo

Hapo umesema kweli. Wakati wetu camphor ilikuwa ya masanduku, nguo haziliwi na wadudu. Tuliimaliza sisi wenyewe.

Kijana Randa, meza ya yule mama uliifanyaje? Hujasema.

---

Randa na Jiliwa

Mzee, nilikuwa nakwepa.

Niliirudisha Arusha juu ya Fuso iliyokuwa inarudi tupu, kwa gharama yangu. Ubao nikauvua wote. Gundi niliyopaka juu ya chuma ilinipa kazi kuliko kuitengeneza mpya. Nilitumia patasi na maji ya moto, siku nzima. Pale mbao ilipogusa chuma kwenye mikwaruzo ya rangi, pameweka madoa meusi. Nilidhani ni kuvu. Wanasema ni tanini iliyomo ndani ya mbao inapokutana na chuma tupu penye unyevu. Miti yenye tanini nyingi ndiyo hatari zaidi, kwa hiyo sasa chuma nakipaka chote, hata pale pasipoonekana, na naweka washa ya mpira katikati.

Mbao nikazilaza juu ya fito mpaka uzito uliposimama. Nikapitisha msumeno kwenye mistari ya nyufa, nikanyoosha, nikaunga upya. Meza ikawa na sentimita 91. Fremu nikaitoboa matundu marefu, manne kila kipande, jumla kumi na mawili, na la duara moja katikati ya kila kimoja. Chini nikapaka vanishi sawa na juu. Sikumtoza hata senti. Kazi nzima, ukihesabu nauli na wiki zangu, faida ya ile oda iliondoka yote na kidogo ya oda iliyofuata.

Jumamosi iliyopita tumeishusha Pasua. Mama hakutazama juu. Alipiga magoti mwenyewe, akawasha tochi ya simu, akahesabu matundu kwa kidole. Akauliza mbona ni marefu. Nikamweleza kama nilivyowaeleza nyie. Akasema, "Kwa hiyo ile siku ulijua."

Nikasema nilijua mbao ilikuwa mbichi, hilo lingine sikulijua.

Akanyanyuka, akafuta magoti. Anataka na benchi mbili za meza hiyo hiyo, za Desemba.

---

Siti ya Mbele

Ukamwambiaje?

---

Randa na Jiliwa

Nimemwambia alete hela ya mbao mwezi wa sita.